Kasha lipi la swingi ya zamani linunuliwe kwanza: Ellington, Basie, Goodman, au yale ya bei poa?

Pamba_Masikioni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao na kaniambia nichague kasha moja tu la CD, begi limeshajaa. Nataka swingi, ile jazz ya kuchezeka ya bendi kubwa za Marekani, yenyewe ya miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa 1940, iliyosafishwa upya. Nimebaki na haya:

– Duke Ellington, Never No Lament, CD 3, rekodi za 1940 hadi 1942
– Count Basie, The Complete Decca Recordings, CD 3, 1937 hadi 1939
– Benny Goodman, onyesho la Carnegie Hall la 1938, CD 2
– mojawapo ya yale makasha ya bei poa, CD 10, bendi chungu nzima

Nina spika mbili za kawaida sebuleni. Sipendi kelele ya santuri chakavu, ile ya mvua juu ya bati. Lipi limesafishwa kuliko yote?

FundiSanturi

Mkuu, swali lako limekaa kichwa chini miguu juu. Kasha lililosafishwa kuliko yote ndilo la kukimbia.

Ile mvua juu ya bati inakaa sehemu moja na matoazi ya mpiga ngoma, pumzi ya mpiga saksafoni na ukali wa tarumbeta. Kompyuta haijui ipi ni mvua na ipi ni toazi. Ukiiambia ifute yote, inafuta yote, unabaki na bendi inayopigia ndani ya kabati la nguo. Miaka ya 1980 na 1990, mashine za kufuta kelele zilipokuwa mpya mjini, makampuni mengi yalizifungulia hadi mwisho, na CD za wakati ule ndizo zilizofanya watu waamini kwamba muziki wa zamani una sauti iliyozibwa.

Ukipima kasha, la kwanza ni chanzo. Santuri za 78, yaani zile za zamani za mizunguko 78 hivi kwa dakika, zilizaliwa kutoka kwenye mhuri wa chuma. Anayenakili kutoka kwenye chuma, au kwenye santuri ambayo haijapigwapigwa, kazi yake ya kusafisha ni ndogo. Pili ni sindano: mifereji ya 78 ni mipana kuliko ya LP, santuri ndefu za baadaye, na fundi mwenye sindano za upana tofauti anatafuta ile inayogusa ukuta wa mfereji mahali ambapo haujalika. Tatu ndiyo kusafisha, tena kwa mkono mwepesi. Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki 2004, aliondoa mikwaruzo mmoja mmoja kwenye tepu kwa mikono yake, na makasha ya kampuni ya JSP yenye jina lake watu bado wanayasaka. Upande wa pili kuna Robert Parker wa Australia, ambaye miaka ya 1980 aliigeuza mono, sauti ya njia moja, kuwa stereo ya kutengeneza, ya njia mbili. Wapo wanaompenda. Mimi nikisikiliza naona kama bendi imewekwa ukumbini na mlango wa choo uko wazi.

Dada_Besi

Nakazia kuhusu matoazi, ila kwa mleta mada jibu ni Ellington, hakuna mjadala.

Hizo CD 3 zina nyimbo 75 za bendi ambayo Duke mwenyewe hakuwa nayo tena baadaye. Jimmy Blanton kwenye besi, Ben Webster kwenye saksafoni ya tena. Kabla ya Blanton, besi kwenye bendi nyingi ilikuwa inashika mwendo tu, tum tum tum, kama mtu anayetwanga. Anza na Jack the Bear ya 1940, besi inaongea tangu mwanzo. Kijana alikuwa hajafika miaka 22. Alifariki 1942 kwa kifua kikuu, akiwa na 23.

Na kuna kisa watu hukisahau. Mwaka 1941 redio kubwa za Marekani ziligombana na chama cha watunzi, ASCAP, zikaacha kupiga nyimbo za wanachama wake. Duke alikuwa mwanachama, nyimbo zake mwenyewe hazipigiki hewani! Ikabidi Billy Strayhorn, mtunzi mwenzake, na Mercer, mtoto wa Duke, ambao hawakuwa wanachama, waandike mpya haraka haraka. Ndipo Take the "A" Train ikawa wimbo wa utambulisho wa bendi. Ugomvi wa mawakili ukatuzalia hiyo.

Kuna toleo la zamani la kipindi hichohicho, la 1986, nyimbo 66. Ukilikuta kwenye mitumba bei ya nyanya chukua, lakini usilifananishe na Never No Lament, la 2003.

Mzee wa Kansas City

Dada Besi, nakuheshimu, lakini huyu kijana hajasema anataka kufanya mtihani. Anataka swingi. Swingi ni Basie.

Alivyosema fundi kuhusu matoazi, kipimo chake ni Jo Jones, mpiga ngoma wa Basie. Huyu ndiye aliyetoa mwendo wa bendi kwenye ngoma kubwa akaupeleka kwenye matoazi ya mguu, yale mawili yanayofunga na kufungua. Tsii-tiki-tsii. Juu yake Walter Page anatembea na besi, Freddie Green anakata gitaa, Basie anagusa piano kama anaogopa kuiamsha. Ukipata nakala iliyofutwa kelele sana, Jo Jones haonekani kabisa na bendi inakosa miguu. Kasha hilo la Decca la 1992 limeacha mvua kidogo, na Jo Jones yupo. Herschel Evans na Lester Young wanajibizana kwa saksafoni mbili za tena, mmoja sauti nzito kama uji wa ulezi, mwingine kama moshi. Evans alifariki Februari 1939, kwa hiyo mabishano yale yamo kwenye kasha hilo, na zaidi ya hapo hayakuendelea.

Halafu ukisikiliza kumbuka Basie alisaini mkataba na kampuni ya rekodi ya Decca wa nyimbo 24 kwa dola 750 bila mrabaha. One O'Clock Jump imo. Santuri zikauzwa, mkataba ule haukumpa mrabaha wowote.

Pamba_Masikioni

Shikamoo mzee. Na yale ya CD 10 vipi? Bei yake ni chini ya hiyo Ellington peke yake.

Tarumbeta_ya_Kanisa

Nilinunua moja kama hilo. Nina mazoea ya kupiga tarumbeta nikifuata rekodi. CD ya tatu nikajiona nimesahau kupiga, kila noti inagoma. Kumbe nyimbo zilikuwa juu kwa karibu nusu sauti. Hizi tunaziita za 78, lakini si zote zilikatwa kwa mzunguko huo sawasawa, na aliyenakili asiposikiliza kwa makini bendi nzima inakimbia kama imeogopa mbwa. Mwimbaji anakuwa mtoto.

Ubaya mwingine, hakuna majina ya wapigaji wala tarehe. Unasikia solo imekushika moyo, hujui ni ya nani.

FundiSanturi

Urahisi wa bei wa hayo makasha ya CD 10 unatokana na sheria. Ulaya, rekodi zililindwa miaka 50. Walipoongeza hadi 70, zile ambazo muda wake ulishakwisha hazikurudishwa ndani, kwa hiyo rekodi zilizotoka kabla ya 1963 yeyote anaweza kuzitoa. Marekani ni tofauti: rekodi ya 1938 italindwa hadi mwisho wa 2038. Ndiyo maana makasha ya bei poa mengi yana anwani za Ulaya. Wapo wanaofanya kazi safi. Wapo pia wanaochukua CD ya mwenzao aliyehangaika miaka, wanabadilisha jalada, basi.

Mtandaoni chunga jambo lingine: mwaka wa kurekodi. Duke na Basie walirudia nyimbo zao miaka ya 1950 na vifaa bora. Ukisikia A Train inang'aa mno, uliza kama ni ile ya Februari 1941. Na "Glenn Miller" ya stereo mara nyingi si Glenn Miller mwenyewe, yeye alipotea na ndege Desemba 1944.

Mgeni_Leo

Samahani wakuu, nimeingia nikidhani ni mada ya Tabora Jazz 😅

Mzee wa Kansas City

Karibu kijana. Kwetu neno Jazz lilishika majina: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Muziki wenyewe ulikwenda kwenye rumba. Lakini safu ya matarumbeta na masaksafoni inayoitikiana ukiisikia huku hutajiona mgeni.

Kibao_Kata

Mbona Goodman hajasemewa? Tarehe 16 Januari 1938, Carnegie Hall, ukumbi wa wenye tai. Jukwaani wageni kutoka bendi ya Duke na ya Basie, weusi na weupe pamoja, Marekani ya wakati ule. Mwishoni kwenye Sing, Sing, Sing, Jess Stacy anaachiwa piano bila kutarajiwa na ukumbi unanyamaza. Usiku huohuo Basie alikwenda Harlem, ukumbi wa Savoy, bendi yake kupambana na ya Chick Webb. Hiyo ndiyo ratiba ya kazi!

Ila kwa wewe unayechukia mvua: toleo la 1999 alilosimamia Phil Schaap lilirudi kwenye diski za awali na kuacha kelele zote. Watu waligombana sana. Mimi niko upande wa Schaap, lakini mke wangu alidhani nakaanga vitumbua.

Dada_Besi

Nyongeza kwa wenye mfuko mzito: kampuni ya Mosaic. Wanatoa makasha kwa idadi maalumu, yenye namba, na kitabu kikubwa ndani. Bendi ya Jimmie Lunceford, rekodi za Decca, CD 7; Chick Webb na mwimbaji Ella Fitzgerald CD 8. Yakiisha sokoni bei inapaa. Kwa mara ya kwanza si lazima.

Mleta mada, fanya hivi. Tafuta Cotton Tail ya 1940 katika nakala mbili tofauti, weka hedifoni, usisikilize mvua. Fuata besi tu.

Pamba_Masikioni

Nimefanya. Nakala ya kwanza kimya kabisa, besi kama mtu anagonga mto. Ya pili ina mvua, ila nyuzi nazisikia zikivutwa, na baada ya dakika moja mvua nimeisahau. Basi nimewaelewa.

Nikajaribu na Basie, nikamtafuta huyo Jo Jones. Mzee, nimempata. Nimerudia mara sita, mguu haukukaa.

Kaka nimemwambia alete Basie. Dada Besi usininunie.

Dada_Besi

Nimenuna. Desemba umwagize Ellington.