Mrejesho: jinsia ya majina bila data yenye lebo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuifanya programu ijue kama jina kwenye habari za Kiswahili ni la kike au la kiume, bila orodha ya majina iliyokwisha kuwekwa alama (lebo) ya jinsia. Ile mbinu ya Kiingereza ya kuhesabu "he" na "she" karibu na jina ilikufa siku ya kwanza; "yeye" wetu hana jinsia. Kilichonitoa ni maneno jirani: Bwana, Bi, binti, na kali kuliko yote, "ameoa" na "ameolewa".

Mwanzoni Juma alitoka mwanamke! Kumbe kwenye "Bi. Asha Juma", Juma ni baba yake. Nikabakiza jina la kwanza tu. "Mama Juma" naye akaniponza vilevile. Imani na Amani wanaruka huku na huko, nimewaandikia "haijulikani".