Mafundi wa boda Malindi, hedi inakazwa mara ngapi?? Nimechoka kulipia makosa yenu

Jamani naandika na hasira, mnisamehe mapema. Boxer yangu 150 iko chini ya mkungu hapa Kisumu Ndogo, matumbo nje, nati zimo kwenye kopo la maziwa ya unga, na hii ni mara ya pili injini kufunguliwa ndani ya mwezi mmoja.

Iko hivi. Ilikuwa yala oili na kutoa moshi wa buluu, nikaambiwa ringi zimekwisha, sawa, nikaenda chamani nikakopa, nikanunua pistoni na ringi zake na seti nzima ya gasketi, zile za kuziba maungio, fundi akafungua na kufunga siku moja. Ikawaka, sauti tamu, akanambia "enda nayo polepole wiki ya kwanza, usiibane," nikampa 2,500 yake ya mkono na soda juu. Basi. Hakunambia rudi. Hakunambia hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, itatakiwa kuangaliwa tena ikishapata moto ikapoa. Neno moja tu lingetosha!

Siku ya tisa nimembeba mama muuza samaki na ndoo yake twaenda Marafa, tumevuka daraja la Sabaki, tumepita Mambrui, naanza kusikia chsss chsss chsss chini ya tangi, nikadhani egzosi imelegea nikapuuza, mara nguvu hakuna, kilima kidogo naingia gia ya pili, na yule mama nyuma ananambia "mwanangu, mbona suruali yako yachuruzika?" Kuangalia, mguu wa kulia oili mpaka kwenye ndara. Inatoka pale hedi inapokutana na bloki, mapezi yote meusi, na kila injini ikipiga unaona kipovu kidogo kinachungulia na kupasuka. Samaki wa watu jua lile, nikamuitia boda mwengine na sikumtoza hata shilingi.

Narudi kwa fundi ananijibu, tena mbele za watu, "hedi ya pikipiki haikazwi mara mbili, hayo ni mambo ya malori." Nikaona huyu hana maana nikavuka barabara kwa mwenzake. Huyo naye akasema hedi lazima ikazwe KILA MWEZI ati, akachomeka paipu kwenye mpini wa spana, injini bado moto hata mate yangekauka juu yake, akavuta. Tak! Nati ikawa nyepesi. Stadi, ile fimbo ya meno inayoshika nati, ilizunguka yenyewe ikatoka imebeba aluminiamu ya krankikesi (kasha la chini la injini) kwenye meno, unga wa fedha, nimeushika kwa kidole. Na yeye alisema nini? "Ilikuwa imechoka." Imechoka nini wewe, umeivuta na paipu!

Nikampigia ami yangu Lamu, yeye na injini za mashua tangu mimi sijazaliwa. Akaniuliza tu, "mwaikaza na moto?" Halafu akanifunza kwa simu dakika kumi kitu ambacho wawili hawa walishindwa.

Gasketi za hedi si aina moja. Kama ni ile ya karatasi ngumu iliyochanganywa na waya, hiyo ni kama godoro la sufi jipya, ikipata moto na uzito inabonyea, na ikibonyea nati zinabaki hazina mvuto ule wa mwanzo. Ndio maana inataka kuangaliwa tena baada ya kupata moto mara kadhaa, yangu ilikuwa hiyo. Kama ni ya chuma tupu ya tabaka tabaka kwa kawaida haitaki kurudiwa, na kuna injini boliti zake zinakazwa kwa digrii, yaani kwa pembe ya mzunguko, na zinatumika mara moja tu, hizo ukizirudia unaziua. Kwa hiyo anayesema "hairudiwi kabisa" na anayesema "kila mwezi" wote wanabahatisha, kitabu cha injini yenyewe ndicho kinasema.

Na inakazwa BARIDI, imelala usiku kucha. Aluminiamu ikipata moto inavimba kuliko chuma cha stadi, kwa hiyo stadi ishavutwa tayari na namba unayosoma kwenye toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ni ya uongo. Unalegeza nati moja kama robo ya mzunguko, unairudisha kwenye namba, ndio unaenda ya upande wa pili, msalaba, sio kuzunguka kama saa. Ukimaliza unapima tapeti, ile nafasi ya vali, manake hedi ikishuka nafasi inabadilika. Na hizi boliti ndogo za milimita 6 za ubavuni zinataka kama Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza) tu, yaani kwa spana ya sentimita 20 ni sawa na kuning'iniza paketi mbili na nusu za unga wa kilo mbili mbili kwenye ncha ya mpini. Paketi mbili na nusu! Sio mwili mzima na paipu.

Ah na nimesahau, nilipotoa hedi nimekuta silikoni nyekundu imepakwa juu na chini ya gasketi kama siagi. Nani aliwafunza hiyo?

Sasa yule wa kwanza hashiki simu, wa pili anataka 4,000 atoboe aweke meno mapya kwa dreli ya mkono. Sitoi. Silali na njaa nikimlipa mtu arekebishe alichovunja yeye, na chama Ijumaa wanataka hela yao.

Kama kuna mtu Malindi, Watamu au hata Gongoni ana toki renchi ya kweli naomba niikodi siku moja, hedi nitaifunga mwenyewe. Na fundi tana (wa mashine ya kuchonga chuma) anayejua kuweka koili ya waya ya meno mapya kwenye krankikesi bila kuipinda anitafute, nitaleta kesi yenyewe mkononi, injini nishaivua yote.