Ushauri: tableti kubwa, ninunue sasa au nisubiri ya kukunja?

Mchoraji_Nyegezi: Kwema wakuu. Nachora ramani za nyumba hapa Mwanza kwa iPad Pro ya inchi 12.9 ya 2018. Betri imechoka, na saiti za Buhongwa jua likiwaka hadi nijifunike koti kichwani ndipo nione kioo, mafundi wananicheka. Nataka ya inchi 13, ila nasikia zinakuja za kukunja. Naogopa ninunue leo, kesho watoe umbo jipya. Nina wiki hii tu ya kuamua. Matusi hapana.

Sangara_Minofu: Nunua laptop. Uzi ufungwe.

Bibi_Butimba: Marehemu mume wangu alichora kwa penseli na rula, na nyumba zake ziko juu ya mawe ya Bugando mpaka leo. Mvua ikinyesha alikuwa anaviringisha karatasi anaingiza ndani ya shati. Mara moja tu ililowa, ya mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe hakulipa.

Mchoraji_Nyegezi: Shikamoo bibi. Mteja wa siku hizi anataka ramani WhatsApp, tena yenye rangi.

Fundi_Vioo: Nirudi kwenye swali. Apple hawabadilishi bodi kila mwaka. Kubwa ya kwanza, 2015, ilikuwa na kitufe. 2018 wakakitoa, pembeni pakawa bapa, tundu la chaji likawa USB-C. Umbo hilo likatembea hadi Mei 2024, wakaikondesha mpaka milimita 5.1, kioo kikawa OLED, yaani kila nukta inawaka yenyewe, kamera ya mbele ikahamia upande mrefu. Oktoba 2025 wakaweka chipu ya M5, umbo lilelile. Kwa mwendo huo sitegemei bodi jipya karibuni. Za kukunja zina mfinyo katikati ya skrini, na wewe kalamu inapita hapo kutwa nzima. Samsung wenyewe kwenye simu yao ya kukunja, Fold7 ya 2025, wametoa kabisa uwezo wa kalamu ili iwe nyembamba. Halafu kalamu yako ya sasa haishiki kwenye Pro za kuanzia 2024, kwa hiyo pigia hesabu na kalamu mpya.

Mwana_Nansio: Mkuu, "wiki hii tu" kwa nini? Nani anakukimbiza?

Mchoraji_Nyegezi: Mambo yangu tu.

Mwana_Nansio: Mambo gani? Huwezi kuomba ushauri nusu nusu.

Mchoraji_Nyegezi: Haya. Hela si yangu yote. Kaka yuko Ukerewe, alinitumia nimnunulie mashine ya mtumbwi. Sikilizeni kwanza kabla hamjanivamia! Sasa hivi ni mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika, mashine haina kazi mpaka giza lirudi. Kuna mteja ananilipa mwisho wa mwezi, nafidia yote. Isitoshe nimeshaacha kianzio dukani, hakirudishwi.

Sangara_Minofu: 😂😂 Kumbe wa kusubiri ni kaka!

Bibi_Butimba: Hela ya ndugu ina macho, mwanangu. Na wateja wa mwisho wa mwezi nawajua mimi. Mwisho upi, mwezi upi?

Mwana_Nansio: Ngojeni kwanza. Mbalamwezi ipi? Mimi nipo Nansio. Jana usiku nimetoka nje, taa za dagaa zimetapakaa ziwani utadhani mji umehamia majini. Giza totoro! Hii chai wakuu. Huyu hana kaka wala mashine.

Fundi_Vioo: Na mimi nimeandika aya nzima kwa kidole kimoja. Mleta uzi, weka picha ya risiti ya kianzio, ficha jina.

Mchoraji_Nyegezi: Risiti iko nyumbani. Kaka yupo, ila anavua sangara. Nilisema dagaa ili mnielewe haraka.

Mwana_Nansio: Kwanza dagaa, sasa sangara. Kesho atakuwa anavua viboko.

Bibi_Butimba: Mimi nimemwamini. Mwongo angejipangia vizuri zaidi.

Pasiansi_Dogo: Chai au maziwa, mimi naulizia hiyo ya 2018. Kioo kizima? Betri nabadilisha mwenyewe.

Mchoraji_Nyegezi: Kizima, kona moja tu ina mkwaruzo. Njoo inbox, kalamu naiuza humo humo.